Shahidi wa Jicho la Bi Mize

"Huoni, Bibi. Acha kubonyeza."

"Naona."

"Unaona nini?"

"Taa. Si hiyo hapo, inamwekamweka."

"Taa haijawashwa bado. Mashine ndiyo kwanza inapata moto."

"Basi naiona inavyojitayarisha. Na weye nyamaza, mtoto wa watu yuko kazini."

Mtoto wa watu alikuwa Dokta Salha, naye alijiziba mdomo kwa mgongo wa mkono asije akacheka. Bi Mize ameegesha kidevu kwenye mashine, kitufe mkononi, buibui limekunjwa vizuri begani, amekaa kama mtu aliyealikwa harusini. Nyuma ya kiti alisimama huyo aliyeambiwa anyamaze, mjukuu wake Shaame, akibadilisha mguu huu na huu. Hakuwa mtu wa kutulia pahala pamoja, huyu. Shule aliiacha kidato cha pili, si kwa ujinga, ila kwa sababu kiti kilimchoma. Kitu kimoja tu duniani kiliwahi kumkalisha kitako, nacho ni sindano ya kushonea kofia.

Mashine ikawaka. Ndani ya bakuli lake jeusi vidoa vya mwanga vikaanza kutokea, kimoja juu, kimoja chini, kimoja katikati, na kila kimoja kilikuja na kimlio chake, ti. Mgonjwa akikiona kidoa, anabonyeza. Asipokiona, anakaa kimya. Kazi ndogo hivyo. Bi Mize alikuwa akibonyeza kila akisikia ti, tena kwa furaha, kama mtu anayeitikia dua.

Ramani ikajitokeza ukutani, kijani kitupu, rangi ya panapoonekana, kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Mashaallah," alisema Bi Mize. "Vipi, mwanangu? Nimefaulu?"

"Umefaulu sana, Bibi," alisema Dokta Salha, na uso wake haukufurahi hata kidogo.

Jicho la kushoto la Bi Mize lilishakwenda zamani, hilo halikuwa na mjadala. Lilibaki la kulia, na la kulia lilikuwa limekufa pale katikati ya retina, pahala padogo kuliko punje ya mtama. Padogo, lakini hapo ndipo mtu anaposomea, hapo ndipo anapotungia uzi kwenye sindano, hapo ndipo anapomjua mwenziwe kwa sura. Pakifa hapo, dunia yote inahamia pembeni. Unaona mlango, humwoni anayeingia.

Enzi za nyuma leza ilikuwa kazi yake kuunguza, izibe mishipa inayovuja, na panapoungua ndiyo basi tena. Leza ya siku hizi ilikuwa nyekundu na ya upole. Ilikuwa inaamsha. Bi Mize alishapigwa mwanga mara mbili, na seli zake nyingine zilikuwa zimeshaamka, nyingine bado zimejifunika shuka. Ilibaki taa ya tatu, ya kufungia kazi, na hiyo haina mchezo: ikimpiga aliyeamka inamuua, ikimwacha aliyelala haamki mpaka kiama. Kwa hiyo mashine lazima ijue nani yuko macho na nani kalala, na njia ya kujua ni kile kitufe. Na taa yenyewe mwisho wake leo, kabla ya alasiri. Baada ya hapo seli zinakuwa ngumu kama muhogo wa juzi.

Sasa, si Bi Mize peke yake. Wazee wa Unguja nzima walikuwa wakibonyeza. Mtu kakuwashia taa kwa mikono yake miwili, utamwambia hujaiona? Mashine ile iliundwa na watu ambao wakisema hapana, basi maana yake ni hapana. Huku kwetu mtu anakataa wali mara tatu na njaa inamtafuna. Macho mengi yaliharibika kwa adabu mpaka ikawekwa kanuni: kila mtu mzima aje na shahidi, mtu anayeishi naye, na neno la shahidi lizidi neno la kitufe.

Shahidi wa Bi Mize alikuwa Shaame.

*

Dokta Salha alimpeleka barazani akamvisha miwani ya shahidi, mizito, ya kukaza kisogoni.

"Inakuonyesha dunia kwa ile ramani aliyotoa Bibi," alisema. "Tembea nayo. Kunywa chai nayo. Ukijiona unaishi kama yeye, ramani ni ya kweli. Ukijiona si yeye, chukua kalamu hii uichore upya, mpaka ikae sawa."

Shaame akatazama. Aliona kila kitu. Aliona mchwa wakipanda ukuta, aliona vifungo vya koti la Dokta, aliona hadi uzi ulioanza kufumuka kwenye kifungo cha pili.

"Hii si yeye," alisema.

"Najua si yeye. Yeye yukoje?"

Shaame akaizungusha kalamu vidoleni. Mtu mkavu wa maneno kama yeye, aliyemwambia mwalimu mkuu mbele ya watoto kuwa suruali yake imepasuka, leo anachezea kalamu.

"Unalijua lile doa lake," alisema Dokta Salha taratibu. "Nakuona usoni."

"Nalijua. Naweza kukuchorea nimefumba macho."

"Basi chora."

"Hapa hapa? Naye yuko ndani?"

"Hapana. Utachora mbele yake na utasema ulivyojua. Ndivyo ilivyo. Jicho la mtu mzima halisemwi mgongoni kwake."

"Nani aliyeleta kanuni hiyo?"

"Wazee wenyewe."

Shaame akavua miwani. "Nikisema mbele yake namvua nguo, Dokta."

"Na usiposema?"

Shaame akaitia miwani kwapani. Dokta Salha alikuwa na wagonjwa wengine, akamwacha na kikombe cha chai kinachopoa.

Basi fikra zikamrudisha kule nyuma, kama maji yanavyorudi kwenye mtaro. Akamkumbuka Bi Mize yule wa zamani, nyumba ya Kikwajuni kabla hawajahamia ghorofani Michenzani, wanawake wanne watano wamekaa mkekani baada ya adhuhuri, kila mmoja na duara lake la kitambaa cheupe magotini, redio inaimba taarabu kwa sauti ya chini, harufu ya wanga unaochemka jikoni. Kofia ya mkono hiyo: unakaa nayo miezi. Vitundu vidogo mamia, kila kitundu kimezungushiwa uzi, mpaka ua linajitokeza bila ya mtu kuchora ua. Mafundi wa wakati ule walifunzwa kutia jicho katikati ya duara na kuliacha pale pale, mkono ndio uzunguke. Jicho likihama, walisema, na ua linahama.

Siku ya Idi Bi Mize alikuwa akikaa dirishani, na Shaame mdogo mapajani, wanaume wanapita kwenda kuswali, na yeye anawasoma vichwa. "Ile ya Bi Kombo wa Malindi. Ile ya mtu wa Pemba, tazama uzi ulivyobana. Ile, ile yangu mie, na mwenyewe kaivaa upande, mjinga." Wanaume walikuwa wakifika chini ya dirisha lile wanageuza kichwa makusudi, kama jogoo, wapate kusemwa.

Akakumbuka na kofi. Akishona vibaya alikuwa akipigwa kofi la vidole viwili juu ya mkono, halafu anaitwa "mume wangu" na kupewa kashata. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Angetoa nini leo apigwe kofi lile.

Siku hizi kofia zinachapwa. Unasimama mlangoni pa duka, mwanga unakupima kichwa, hujamaliza kuamkiana na mwenye duka, kofia hiyo, ya moto kama mkate. Nzuri, haina kosa, na haina mtu ndani yake. Wachache waliobaki na ukaidi wao walikuwa bado wanakuja kwa Bi Mize. Wakiulizwa nani kakushonea, walisema jina lake kwa kuvuta.

Na hapo ndipo palipokuwa na mzigo wa Shaame. Maana jicho lilipoanza kufa, kofia nazo zilianza kuja na kasoro. Pale karibu na katikati ya duara, upande wa kulia, pakawa na pahala patupu. Kwanza padogo kama punje ya mtama. Mwaka uliofuata kama kunde. Halafu pakapinda, pakawa kama korosho iliyolala. Kazi ya kufua kofia, kutia wanga na kuivisha kwenye faroma, lile gogo la mti linaloshika umbo lake, ilikuwa ya Shaame. Basi kabla ya kufua alikuwa akijifungia chumbani, anajaza. Uzi ule ule, mkono ule ule aliofundishwa. Miaka yote hiyo hakuna kofia iliyotoka pale na shimo.

Kwa hiyo doa la jicho la bibi yake alilijua kuliko daktari. Alilishona kwenye kila kofia.

Angesema tu, "Ndiyo, Dokta, ramani ni hivi hivi," wangerudi nyumbani mchana ule ule, wakala muhogo wa nazi, na Bi Mize angebaki fundi mpaka siku ya kuzikwa. Fundi asiyemwona anayemletea chakula. Akisema kweli, atampa jicho, na kitu cha kwanza jicho hilo litakachokiona ni kwamba kazi yake iliisha zamani, na kuna mtu alikuwa akimfichia.

Jicho au heshima. Aliivaa tena miwani, akaivua tena, akamwaga chai uani.

*

"Umerudi?" alisema Bi Mize. "Nilidhani umeshatoroka, kama shule."

"Nimerudi, Bibi."

"Haya, mwambie Dokta naona, twende zetu."

Shaame alishika kalamu. Ramani ya kijani ilikuwa ukutani, kubwa kama mlango. Alisimama mbele yake, mkono ukaanza kwenda wenyewe, maana mkono ulikuwa ukiijua njia. Alianza chini, akapandisha, akapinda, akarudi. Korosho nyeusi ikatokea katikati ya kijani. Akavaa miwani akamtazama Dokta Salha: koti liko, mikono iko, uso hauko. Akaongeza kidogo kwenye mkia.

"Hivi," alisema. "Hivi ndivyo."

"Anafanya nini?" aliuliza Bi Mize.

"Anachora unapokosa kuona, Bibi," alisema Dokta Salha.

"Kakwambia nani kuwa nakosa? Nimebonyeza zote."

"Lazima useme ulivyojua, Shaame."

Akasema. Alisema kwa mkato, kama anavyosema kila kitu, huku anatazama sakafu. Kofia zilikuwa na shimo. Alikuwa akilijaza kabla ya kufua. Zote, tangu nyumba ya Kikwajuni. Ndiyo maana umbo lake anajua.

Mashine ilikuwa ikinguruma peke yake. Bi Mize alitoa kidevu chake pale kilipoegemea, akageuza uso, na Shaame akangojea alichokiogopa: aone aibu, alie, aulize kama watu wanajua.

"Umejaza?" alisema.

"Nimejaza, Bibi."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Niliona umekosea, nikasema..."

"Mie nimekosea?" Sauti yake haikupanda. "Mie niliacha. Pahala sipaoni, nitapashonaje? Nipapase kama mwizi gizani? Nilishona ninapoona, nisipoona nikaacha, na kila mtu aliyekuja kuchukua kofia nilimwambia kwa mdomo wangu: pana pahala nimepaacha, jicho langu halikufika. Ukiitaka hivyo chukua. Wakasema, tumepaona, Bi Mize, hapana neno."

Shaame alikumbuka. Alikuwepo. Aliona wateja wakiigeuza kofia nzima, isiyo na hata kitundu kilichokosekana, wanatafuta, halafu wanasema tumepaona, kwa kuwa huwezi kumwambia mtu mzima kipofu kuwa anasema visivyokuwepo. Yeye alidhani bibi anababaika kwa uzee. Alimwonea huruma.

"Walijua mie ni mtu wa kusema kweli na kazi yangu," alisema Bi Mize. "Kitufe hiki hakinijui, nikikidanganya sijamdanganya mtu. Kofia inakaa juu ya kichwa cha mtu anayesujudu. Umeniweka mwongo juu ya vichwa vya watu, Shaame."

"Nilitaka usivunjike moyo."

"Na weye ulibonyeza, kwa adabu."

Shaame akairudisha kalamu kwa Dokta. 

Bi Mize alitafuta mkono wa Dokta Salha hewani, akaupata. "Mwanangu, nisamehe. Zile taa zako, za katikati sikuiona hata moja. Nilikuwa nakwenda kwa sikio. Alivyochora huyu ndivyo." Akakirudisha kidevu mahali pake. "Haya, piga."

Taa ya tatu haikuwa na kishindo. Wekundu ule uliingia jichoni kwa vipande vidogo vidogo, ukitembea ndani ya korosho tu, hauvuki mstari, kama sindano inavyokwenda ndani ya ua. Shaame alisimama nyuma ya kiti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisimama kitambo kirefu bila ya kubadilisha mguu.

*

Siku za kitambaa jichoni, Bi Mize alisema naye kwa lazima tu. Chai. Maji. Funga dirisha. "Mume wangu" haikusikika. Shaame alizunguka mjini, akarudi, akazunguka tena. Nyumba ilikuwa na kiti kila pahala na hakuna kilichomkalisha. Faroma zilisimama rafuni, vichwa vitupu, akawa hawezi hata kuzitazama.

Walipokwenda kupimwa, Bi Mize alikaa mbele ya lile bakuli jeusi na hakubonyeza. Ti, akanyamaza. Ti, akabonyeza. Ti, ti, akabonyeza moja, na nyingine akasema, "Hiyo sikuiona, mwanangu, usinichukie." Ramani ilipotoka ilikuwa na vijidoa vyeusi vichache, vimetawanyika kama mbegu za ufuta, na korosho haipo. Dokta Salha alimuuliza anaona nini usoni kwake. "Kidevu chako kimechongoka," alisema Bi Mize, "na umelia hivi karibuni. Mwache anayekuliza, huyo hakufai." Dokta Salha alicheka mpaka akakaa chini.

Kumtazama Shaame, alimtazama mara moja, kwa kirefu, kuanzia nywele mpaka kola. "Umekuwa mtu mzima," alisema, kama anayemwambia mgeni.

Walirudi kwa miguu. Chini ya maghorofa ya Michenzani, nje ya duka la simu, alikuwa amesimama Maalim Khatib wa chuoni, aliyefundisha nusu ya watoto wa mtaa kusoma Kurani, na kichwani ana kofia ya Bi Mize. Bi Mize aliiona toka mbali. Mwendo wake ukabadilika, ukawa ule wa dirishani siku ya Idi.

"Maalim. Asalaam aleikum. Nipe kofia yako."

"Waaleikum salaam, Bi Mize. Hapa njiani?"

"Hapa hapa. Kipara si uchi."

Akaivua. Bi Mize aliisogeza karibu, akaizungusha kwenye mwanga, na jicho lake likatulia katikati ya duara bila ya kuhama. Kisha ukucha wa kidole chake ukaanza kutembea. Ukafika pahala ukasimama, ukafuata mstari ambao hakuna mtu mwingine angeuona, chini, juu, ukapinda, ukarudi pale ulipoanzia.

"Hapa si pangu," alisema. "Hapa pa huyu."

"Najua, Bi Mize."

"Unajua?"

Maalim Khatib alikuna kipara. "Ulinambia pana shimo, sikuliona. Nikamuuliza fundi mwenzako, akanambia uzi hapa umevutwa na mkono wa mwanamume. Tulijua sote."

"Sote nani?"

"Mtaa, Bibi. Hatukutaka kukukera. Wala kumkera yeye."

Bi Mize akageuza shingo, akautazama mtaa: vibaraza, madirisha, kijana anayeuza urojo, watu waliokuwa wakimwamkia kila siku na yeye akiitikia bila ya kuwaona. Halafu akairudia kofia, akapitisha kidole gumba juu ya kile kipande.

"Umeshona vizuri," alimwambia Shaame. "Vizuri kuliko mie nilivyokuwa nikishona wakati ule. Nakwambia kweli, sikubembelezi. Hiyo ndiyo inayoniuma zaidi."

"Basi ziache, Bibi. Watu washazizoea."

"Nitazifumua."

"Zote?"

"Ninazozipata. Hapo ulipojaza tu. Pahala pengine sigusi."

"Watavaa kofia zenye matundu kichwani?"

"Atakayetaka atavaa. Maalim, utavaa?"

Maalim Khatib alitazama kofia yake mkononi mwa mwanamke, akatazama jua, akatazama chini. Mdomo ulishaanza kusema hapana neno, Bi Mize. Ukafungwa.

"Sijui," alisema. "Kweli, sijui."

Bi Mize akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kalamu. "Ahsante. Sasa nambie, nani mwingine anayo?"

Maalim akamtajia: Nassor wa duka la mabati, mashemeji wawili wa Kisimamajongoo, imamu mstaafu wa kule juu. Shaame akasema atamsindikiza, njia zote zimechimbwa, ngazi za imamu ni mbovu, na kofia za Nassor ziko kwa mkewe. Alisema haraka haraka, maneno yakikanyagana.

"Shaame."

"Bibi."

"Zikishafumuliwa, nitakuonyesha zilivyokuwa. Ulitazama shimo tu, kofia hukuzitazama."

  Bi Mize aliikunja kofia ya Maalim akaitia ndani ya buibui, akageuka, akashika njia ya kwa Nassor, anapita katikati ya barabara iliyochimbwa, anainua mguu palipo na shimo na kuuweka palipo na ardhi.